Profesa Aliyewatetea Wasio na Mtetezi

Wazazi wenzangu, wengi huniambia hapa ofisini kwa Padre: mtoto akisoma sana, huwasahau watu wake. Mimi huwajibu kwa habari za Hersch Lauterpacht, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1897 huko Żółkiew, mji ulio leo katika nchi ya Ukraine. Alisoma Lwów, Vienna na London. Mwaka 1938 akawa profesa wa sheria za mataifa huko Cambridge. Wakati wa vita, pasipo habari za wazazi wake, aliandika kitabu juu ya haki za kila mtu, kikatoka mwaka 1945: serikali isimtendee raia kama ipendavyo. Baadaye akajua kwamba Wanazi wamewaua. Mwaka 1955 akawa hakimu wa Mahakama ya Kimataifa. Je, huyo aliwasahau watu wake?