Kanivali za Ujerumani: Mama Aende Ipi?

Akina mama wengi wa sharika zetu hupata nafasi ya kwenda Ujerumani, ama kwa ziara ya usharika rafiki, ama kumtazama binti aliyeolewa huko na kujifungua. Ikitokea safari hiyo imeangukia Februari, wenyeji huuliza swali moja: je, mngependa kuona kanivali? Hapo wengi hukwama. Wapo wanaokataa papo hapo kwa sababu wamesikia kwamba ni siku za ulevi. Wapo wanaokubali bila kuuliza ni kanivali ipi, na mchana wake hujikuta wamebanwa katikati ya vijana waliolewa, mtoto analia mgongoni na kituo cha treni hakionekani. Sisi tumeziona kadhaa, kwa miaka tofauti, na tunawaambia akina mama wenzetu kwamba jibu linategemea mji na siku. Nchi ni moja, lakini sikukuu si moja.

Kwanza tujue asili yake. Neno kanivali hutokana na Kilatini, lenye maana ya kuondoa nyama. Huko kusini na mjini Mainz husema Fastnacht au Fasnet, yaani mkesha wa mfungo. Kabla ya siku arobaini za Kwaresima watu walimaliza nyama, mayai na mafuta yaliyokuwamo nyumbani, wakacheka na kucheza, kisha wakaingia katika toba. Ndiyo maana mikoa ya Kikatoliki ndiyo yenye kanivali kubwa. Watengenezaji wa Kanisa wa karne ya 16 hawakuipenda, na katika sehemu nyingi za Kilutheri za kaskazini na mashariki ilififia. Basi kama usharika rafiki wenu uko upande wa Hamburg, msishangae mkiambiwa kwamba Jumatatu hiyo ni siku ya kazi kama nyingine. Lakini kando ya mto Rhine Walutheri wamekaa na jirani zao Wakatoliki kwa muda mrefu hata wameambukizwa. Zipo sharika ambamo Jumapili hiyo watoto huja ibadani wamevaa kama simba au wazima moto, na mchungaji huhubiri kwa vina. Mzee mmoja wa kanisa aliyefuatana nasi alikunja uso mwanzoni, halafu tukamwona anapiga makofi.

Tarehe hufuata Pasaka. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 10 Februari, kwa hiyo Alhamisi ya wanawake ni tarehe 4 na Jumatatu kubwa, waiitayo Rosenmontag, ni tarehe 8. Msimu wenyewe hufunguliwa mapema, tarehe 11 Novemba, saa tano na dakika 11 asubuhi, lakini mgeni hana haja ya siku hiyo.

Tuanze na Köln, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi. Maandamano yake ya Jumatatu yalianza kupangwa na kamati mwaka 1823. Watu zaidi ya milioni moja husimama barabarani, na takriban tani 300 za peremende na chokoleti hurushwa kutoka kwenye magari yaliyopambwa. Watu hupiga kelele "Kamelle!" wakiomba peremende, na werevu hugeuza mwavuli juu chini ili kuzidaka. Wakuu wa sikukuu ni watatu: Mwana wa Mfalme, Mkulima na Bikira. Huyo Bikira ni mwanamume mwenye nywele za bandia. Wakati wa utawala wa Wanazi, mwaka 1938 na 1939, iliamriwa awe mwanamke, kisha desturi ya zamani ikarudi. Wenyeji hulisimulia jambo hili kwa kicheko, ila si kicheko kitupu.

Jumatatu hiyo inapendeza, hatukatai. Lakini kwa mama mwenye watoto sisi tungechagua Jumapili yake, yaani siku moja kabla. Siku hiyo huandamana shule na vikundi vya mitaa. Mavazi yameshonwa na wazazi nyumbani, walimu wanatembea na wanafunzi wao, na bibi wa mtaa anampa mtoto wako ua mkononi badala ya kumrushia boksi la chokoleti kichwani. (Boksi likirushwa kutoka juu ya gari huumiza. Sisi wauguzi tumeona nundu.) Siku ambayo tungemkataza mama asiende Köln na watoto ni Alhamisi, hasa mitaa ya wanafunzi wa chuo, ambako bia huanza asubuhi.

Hata hivyo Alhamisi hiyo ina kisa ambacho kila mwanamke angepaswa kukijua, na mahali pake ni Beuel, ng'ambo ya Rhine mkabala na Bonn. Zamani wanawake wa Beuel walikuwa madobi. Walifua nguo za familia za Köln na kuzianika kwenye majani ya kandokando ya mto, na waume zao walizipeleka mjini. Wakati wa kanivali waume hawakurudi upesi. Walibaki huko wakisherehekea, nao wake walibaki na mabeseni. Yeyote aliyepata kufua mashuka ya wodi kwa mikono wakati wa baridi atajua walichojisikia. Mwaka 1824 wanawake hao waliunda kamati yao, wakaweka nguo chini na kujitangazia siku moja ya mapumziko. Kamati ya Beuel ipo hadi leo. Kila mwaka huchaguliwa Binti Mfalme wa Madobi, na Alhamisi hiyo wanawake huivamia ofisi ya mji na kumnyang'anya mkuu wake ufunguo. Katika eneo zima la Rhine wanawake hukata tai za wanaume. Mzee wako akifuatana nawe, avae tai asiyoipenda!

Sisi Beuel ilitugusa kuliko Köln yote. Umati ni wa kadiri, akina mama wa rika letu ni wengi, na unaweza kusimama na kigari cha mtoto. Kutoka Köln ni kama nusu saa kwa treni hadi Bonn, kisha unavuka daraja.

Düsseldorf na Mainz tutazitaja kwa kifupi. Düsseldorf ni ya wapendao siasa: msanii Jacques Tilly hutengeneza sanamu kubwa zinazowadhihaki watawala wa dunia, na baadhi si za kuonyesha watoto. Mainz ina vichwa vikubwa vya karatasi na hotuba ndefu za mzaha, ambazo asiyejua Kijerumani atazisinzia. Angalizo: Köln husalimia "Alaaf", miji hii miwili husema "Helau". Ukikosea watakucheka, wala si kwa ubaya.

Sasa kusini. Rottweil ni mji mdogo, mkongwe kuliko yote katika jimbo la Baden-Württemberg. Hapa hakuna magari wala muziki wa vipaza sauti. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi kengele inapogonga, mamia ya watu hutoka chini ya Lango Jeusi wakirukaruka kwa mwendo mmoja. Wamevaa vinyago vya mbao vilivyochongwa na mavazi yaliyopakwa picha kwa mkono, na familia nyingi huyarithisha mtoto na mjukuu. Yupo mwenye uso laini wa tabasamu aliyebeba njuga nzito za shaba mabegani. Sauti yake tukaisikia kabla hajaonekana, tukakumbuka ngoma za kwetu. Yupo mwingine mwenye meno ya ngiri na manyoya mwili mzima, anayeruka kwa kuegemea fimbo ndefu. Baada ya mruko huzunguka mjini na vitabu vyenye michoro, wakimwambia jirani upuuzi alioufanya mwaka uliopita, naye hana budi kucheka. Hakuna anayejua nani yumo ndani ya kinyago.

Ndugu zetu wengi hapa huogopa. Vinyago, manyoya, mashetani: je, Mkristo anasimama hapo? Tuliwauliza wenyeji wetu, wazee wa kanisa wote wawili. Walijibu kwamba chale yule ni picha ya mtu anayeishi bila Mungu, na kwamba kinyago huvuliwa kabla ya majivu. Jibu hilo lilituridhisha kwa Rottweil. Lililotusumbua lilikuwa jingine. Katika miji mingi ya jirani hutembea vikundi vya "wachawi": pua ndefu, fagio, nguo za bibi kizee, nao huwakamata wasichana na kuwapaka rangi au kuwatia makaratasi nguoni. Vikundi hivyo vingi vilianzishwa karne ya 20 tu. Si mila ya kale. Lakini eneo hilohilo, mjini Offenburg kwa mfano, katika karne ya 16 na 17 watu walichomwa moto kwa kusingiziwa uchawi, wengi wao wanawake. Sisi tunatoka nchi ambayo vikongwe wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wekundu ambao muuguzi yeyote anajua waweza kuletwa na moshi wa jikoni tu. Hatukuweza kucheka. Tulimweleza mwenyeji wetu sababu, akanyamaza kwa muda, kisha akatupeleka nyumbani kunywa chai. Kwa hiyo mkialikwa kusini, ulizeni kwanza nani wanaandamana.

Jambo jingine la kujiandaa nalo: waweza kumwona mtu aliyejipaka rangi nyeusi na kuvaa majani kiunoni, ati ni Mwafrika. Miaka ya karibuni Wajerumani wenyewe wamebishana sana juu ya hili na wengi wameacha. Ukikutana naye, usijilazimishe kutabasamu ili usiwaudhi wenyeji. Waambie jioni mezani.

Mengine ni ya kawaida kwa mama yeyote. Februari baridi hufika karibu na nyuzi sifuri, nawe utasimama saa tatu au nne. Vaa soksi mbili za sufu, na mtoto avae kofia inayofunika masikio, kwa kuwa ngoma ni kali pia. Andika namba ya simu ya mwenyeji kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu isiyofutika. Katika vilabu vya Köln bia huja kwa glasi ndogo za mililita 200, na mhudumu huleta nyingine bila kuulizwa hadi ufunike glasi kwa kile kikaratasi kigumu cha mezani. Asiyekunywa aagize Apfelschorle, maji ya tufaha yaliyochanganywa na soda. Wageni hubusiana shavuni. Usiyependa nyoosha mkono mapema, useme "Nein", inatosha. Na maandazi yenye jamu ndani ni matamu, ila umeze kwa tahadhari: katika kila sinia huenda moja limetiwa haradali kwa mzaha.

Wanaodhani watu hawa hawajui kuacha, wakumbuke kwamba maandamano makubwa ya Rhine yalifutwa mwaka 1991 kwa sababu ya Vita vya Ghuba. Tarehe 28 Februari 2022, siku chache baada ya Ukraine kuvamiwa, Köln iligeuza Jumatatu yake kuwa maandamano ya amani, wakatembea watu wapatao 250,000.

Mkiweza, msiondoke Jumanne. Usiku huo Köln huichoma sanamu ya majani makavu iliyobebeshwa makosa yote ya sikukuu, na Jumatano asubuhi mji ni kimya, wafagiaji wako barabarani, na watu wanaingia makanisani kupakwa majivu. Walutheri wa huko nao, tangu mwaka 1983, wana kampeni ya kuacha kitu kimoja kwa majuma saba. Katika nyumba tuliyofikia watoto walichagua peremende. Mfuko mzima walioudaka Jumapili ukawekwa juu ya kabati, mama yao akaandika juu yake tarehe ya Pasaka.