Mei Wenti

Ukalimani wa Kiswahili mjini Guangzhou ni kazi ya maneno machache. Bei haihitaji mkalimani: muuzaji huiandika kwenye kalkuleta, mnunuzi huifuta na kuandika yake, na aliyeshuka jana kutoka Kariakoo hulimudu shindano hilo kuliko mimi ninayelitazama mwaka baada ya mwaka. Mkate wangu umo katika yale yanayosemwa kalkuleta ikishawekwa chini. Zipu itakuwa ya chuma? Rangi itakuwa hii hii? Mzigo utakuwa tayari tarehe 20? Jibu karibu siku zote ni moja, mei wenti, yaani "hakuna tatizo". Zipu zikija za plastiki, na mzigo ukichelewa wiki tatu, wafanyabiashara wetu huhitimisha kwamba Wachina ni waongo. Mimi nashikilia kuwa kosa limo katika tafsiri, na nasema hivyo nikijua vizuri tafsiri hiyo ni ya nani.

Mei wenti ya kiwandani si ahadi. Ni adabu ya mwenyeji asiyetaka kumwambia mgeni "hapana" mbele ya watu, kwa kuwa neno hilo humtia haya anayelitamka na anayelipokea. Wachina huita kitu hicho mianzi, uso. Nasi tuna mtu "asiye na uso wa kumtazama" mdai wake, kwa hiyo dhana si ngeni. Kukataa kupo, ila hupita njia nyingine. Meneja husema yanjiu yanjiu, tutalichunguza, na Wachina wenyewe hutania kwamba matamshi yake yanakaribia mno "sigara na pombe", kana kwamba uchunguzi unasubiri zawadi. Au hurudia swali badala ya kulijibu, au humimina chai nyingine. Huu ni mkoa ambao hata asante ya chai haitamkwi, hugongwa mezani kwa vidole viwili. Anayengoja kila jambo litamkwe atangoja sana. Na sisi ndio tulipaswa kulisikia hili upesi kuliko wageni wengine. Wiki ya Idd fundi cherehani akisema "njoo Alhamisi", nani kwetu humwelewa kuwa amesema Alhamisi? Tunajua amesema "usiipeleke nguo yako kwa mwenzangu". Aliye "njiani" huenda hajaoga. Masikio yetu huyapunguza maneno hayo thamani yenyewe, bila hasira, kisha tunakwenda kumkalia fundi barazani mpaka kanzu itoke. Tukifika ng'ambo sikio hilo hutupotea, kwa sababu neno linatufikia kupitia mkalimani, limeoshwa, halina tena uso wala kikombe cha chai.

Nitaambiwa kwamba nawatetea matapeli. Fundi huharibu kanzu moja. Kiwanda huharibu kontena zima, na mtaji wenyewe ni wa mkopo. Hoja hiyo ina uzito, na matapeli wapo. Hata mwandishi Hu Shi aliwacheka wananchi wenzake kwa kumbuni Bwana Chabuduo, yaani "tofauti si kubwa", karani anayeandika kumi mahali pa elfu kwa kuwa herufi hizo za Kichina zimepishana mstari mmoja tu, na ambaye mwisho anakufa akitibiwa na mganga wa ng'ombe. Lakini ukubwa wa hasara haubadilishi maana ya neno. Unabadilisha mahali pa kuweka imani, na Mchina hamwekei Mchina mwenzake imani kwenye mei wenti. Huiweka kwenye muhuri mwekundu wa duara, ambao kwenye mkataba una nguvu kuliko saini. Kwenye sampuli iliyofungwa na kuhifadhiwa. Kwenye desturi ya kulipa asilimia 30 mwanzo na kushikilia 70 mpaka mzigo ukaguliwe. Neno gumu lipo, ila haliko mdomoni. Msafiri wetu anayelipa zote siku ya kwanza "kujenga undugu" ameutupa muhuri akashika chai.

Kalenda nayo ni sehemu ya lugha hiyo. Mei wenti ya Desemba ndiyo ya kuogopa, kwa sababu Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari, huwarudisha vibarua makwao mikoani, na wengine hawarudi tena kiwandani. Mwaka 2026 sikukuu hiyo ilikuwa tarehe 17 Februari, Ramadhani ikaingia siku moja mbili baadaye, na meli hadi Mombasa au Dar es Salaam hutaka takriban mwezi. Mzigo wa Idd ambao haukuondoka kabla ya sikukuu ya wenyeji haukuwa wa Idd tena, hata kama meneja aliapa.

Pingamizi linalonisumbua ni jingine: kwamba adabu hii ni ya mnunuzi, haimhusu Mwafrika aliyebaki bila oda mkononi. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika mjini Guangzhou walitolewa katika nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini, wengine wakalala barabarani, na "hapana" ilitamkwa wazi, mlangoni, bila chai. Sina jibu la kulifuta hilo, na hoja yangu haifiki huko. Inahusu meza ya biashara, na meza ina pande mbili zinazohitajiana. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya kulalamika. Jibu la serikali, kwamba China huwatendea wageni wote sawasawa, lilikuwa katika lugha ninayoijua sana kutoka viwandani.