Mtaka cha Mvunguni

Maumivu ya kiuno hayaonekani kwa mtu ila mwenyewe. Mwenye jeraha hupewa pole. Mwenye kiuno kibovu, hasa akiwa na kifua kipana, huambiwa anadeka. Nalikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nikisifika kwa kunyanyua vyuma, nilipojaribu kuinua kilo 140 kutoka sakafuni. Uzito huo ulizidi kwa kilo 20 ule niliouzoea. Lakini rafiki zangu walikuwa wakitazama, na macho ya watu ni mzigo usiopimika kwa mizani. Kiuno kikanikaza ghafula, nikaanguka magotini.

Nilishauriwa kulala. Nikalala nyumbani siku kumi na nne, na nilipoinuka niliogopa kuinama. Mdogo wangu wa kike akawa akinifunga kamba za viatu. Sijapata kuona haya kubwa kuliko hiyo.

Hatimaye nilipelekwa kwa mzee mmoja mtaalamu wa viungo. Alinipima nguvu za miguu, akaniuliza kama nilipata ganzi mapajani au kushindwa kuzuia haja, kwa kuwa dalili hizo humtaka daktari bila kukawia. Sikuwa nazo. Akaweka mbele yangu ndoo ya maji ya lita 10.

"Inua, mwanangu."

"Mzee, kiuno changu kimevunjika."

"Kiuno hakikuvunjika, kilichovunjika ni moyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nikainama, nikaiinua.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1995 madaktari wa Ufini walitangaza matokeo ya jaribio juu ya watumishi 186 wa mji wa Helsinki waliopatwa na maumivu ya kiuno. Baadhi waliagizwa kupumzika kitandani siku mbili, baadhi walipewa mazoezi ya mgongo, na waliosalia waliambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyoruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi zaidi.

Kutoka ndoo nilifikia chuma kitupu cha kilo 20, kisha nikaongeza kidogo kidogo. Kiburi kilinitaka niinue nisichokiweza. Hofu ikanikataza kuinua nikiwezacho. Kati ya adui hao wawili, wa pili alinidhuru kwa muda mrefu zaidi. Siku niliyoinama kufunga kamba za viatu vyangu, hapakuwa na mtazamaji ila mdogo wangu. Na hakuna kilo zilizopata kunipa fahari kama kamba zile.