Mkanda wa Picha 36

Enzi za mikanda, mpiga picha wa mnadani pale Katesh, chini ya Mlima Hanang, aliishi kwa kuaminiwa. Mteja alilipa kianzio, akasimama wima kama askari, kisha akarudi kwake Basotu au Dongobesh mikono mitupu. Mkanda ulikuwa na picha 36. Sharti uishe ndipo uende mjini kusafishwa. Picha za wageni zilikwenda ng'ambo. Kitabu cha George Klima juu ya Wabarbaig, kwa mfano, kilitoka New York mwaka 1970. Huyu wa mnadani ndiye aliyewaachia wenyewe sura zao.

Baba yangu mkubwa alipigwa picha mara moja tu maishani, na fimbo yake. Alifariki kabla ya mnada uliofuata. Mpiga picha aliuliza njia hadi akafika msibani, akatoa bahasha, akakataa salio.

Tope lililoshuka mlimani tarehe 3 Desemba 2023 liliingia nyumbani kwa binti wa marehemu, likaichukua picha ile. Tukaenda kuulizia negativu. Mtoto wa mpiga picha akatutolea sanduku la bati; mikanda imegandamana kwa unyevu. Tunaibandua mmoja mmoja, tukiinua kila kipande kwenye mwanga wa dirisha.