Usisubiri Kujifungua

Tanga, 9 Juni

Mwanangu Rukia,

Baba yako amenieleza picha ya eksirei ilivyoonyesha, na kwamba daktari anashuku osteosakoma, saratani ya mfupa, hapo juu ya goti. Yale maumivu ya usiku yasiyotulia hata ukilala hayakuwa ya mimba. Ulisema mapema, hukusikilizwa, na kosa si lako. Sasa mimba ina wiki 18, na nasikia ukweni wanataka ujifungue kwanza ndipo utibiwe. Mimi shangazi yako, niliyezalisha wanawake miaka yote hii, nakuomba usisubiri. Saratani hii hukimbilia mapafuni, na miezi mitano ni mingi mno kuiachia.

Mguu usikandwe. Bibi atakuletea mafuta na fundi wa mifupa kwa mapenzi tu. Mkatalie kwa heshima.

Kinyama cha kupima nacho kisichukuliwe popote pale. Njia inayopita sindano huhesabiwa kuwa imeguswa na saratani, na daktari huiondoa pamoja na uvimbe siku ya upasuaji. Ikipitishwa vibaya, mguu ambao ungeokolewa unaweza kukatwa. Ndiyo maana nataka upimwe hapo hapo utakapopasuliwa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na madaktari wao wakae meza moja na wa Taasisi ya Saratani Ocean Road na daktari wako wa uzazi.

Najua dawa za saratani ndizo zinazokutisha. Hatari kubwa kwa mtoto ni miezi mitatu ya mwanzo, viungo vinapoumbika, nawe umeshaivuka. Baada ya hapo dawa ya doksorubisini imeshatolewa kwa wajawazito wengine, wakazaa watoto wazima. Methotreksati, ambayo mara nyingi huwamo kwenye matibabu ya osteosakoma, usipewe mpaka uzae. Uliza jina la kila chupa kabla haijatundikwa. Dawa husimamishwa wiki kama tatu kabla ya kujifungua, damu yako na ya mtoto ipate kujijenga. Kunyonyesha hakutawezekana maadamu dawa zinaendelea. Hilo litakuuma, nami limeniuma kuliandika.

Atakayekwambia mimba ndiyo iliyoleta ugonjwa, au kwamba ukiitoa utapona, usimsikilize.

Nakuja Jumamosi. Andika maswali yako yote kwenye daftari, na kadi ya kliniki na picha za eksirei uziweke mfuko mmoja. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote.

Shangazi yako,
Mwanaidi