Hema Letu Uani kwa Bibi

Baada ya miaka kumi na minane ya ndoa, mimi na mke wangu tulifanya jambo ambalo ndugu zetu waliliona kuwa ni kichaa kidogo. Tulipakia hema, godoro, jiko la gesi na madumu mawili ya maji katika gari letu kuukuu, tukaondoka Dar es Salaam kwenda kulala nje katika Milima ya Uluguru.

Usiku wa kwanza tulilala Morningside, karibu na jengo la kale la enzi ya Wajerumani, taa za mji wa Morogoro zikiwa chini yetu. Siku ya pili tulipita Bigwa na Kiroka, tukafuata njia ya Matombo katikati ya migomba, minazi na miti ya mdalasini. Jioni tulimwomba bibi mmoja ruhusa ya kusimika hema uani kwake, juu kidogo ya kijito.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Kwani huko mjini hamna nyumba?"

Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikaanza kufafanua faida za utalii wa ndani. Bibi alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Basi kwenu mlima ni mapumziko. Kwetu ni jembe."

Asubuhi alitutembeza shambani. Kipande chenye rutuba kuliko vyote kilikuwa kando ya kijito, nacho ndicho alichoambiwa akiache. Nikamweleza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

"Baba, leo hukuja kufundisha," mke wangu alininong'oneza.

"Hayo nimeambiwa," bibi akajibu. "Na maji haya yanakwenda kwa nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Maji ya upande ule wa mlima huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Hata madumu yetu tuliyajaza bombani nyumbani: tulikuwa tumeyarudisha maji yalikotoka, tena kwa gari!

Ndugu msomaji, swali la bibi lina historia. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, nao wakulima hawakuona mavuno yakiongezeka. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliandamana kupinga. Polisi walifyatua risasi, mtu akafa, na mpango ule ukaachwa.

Zaidi ya nusu karne baadaye, CARE na WWF walijaribu njia nyingine huko Kibungo Juu: wakulima walipwe kwa kulinda vyanzo vya maji, na watumiaji wa maji walioko bondeni wachangie. Miongoni mwa kazi walizokubali kuzifanya wakulima hao ni matuta ya ngazi. Mlima ulikuwa ule ule, na mteremko ule ule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mkulima aliketi mezani kama mshirika, na jasho lake likahesabiwa.

Sisemi bibi alime mpaka ukingoni. Msitu ukiisha, kijito kitakauka, naye atakuwa wa kwanza kubeba ndoo kwenda mbali. Ninalosema ni kwamba sheria inayomnyang'anya mkulima kipande chake bora kwa faida ya mamilioni, bila kumpa chochote, ni mzigo wa wengi uliotwishwa kichwa kimoja. Ninyi watumishi wa umma mnaoandaa bajeti, na ninyi wanafunzi mtakaozirithi ofisi hizo, lipeni swali hilo nafasi.

Tulipoondoka, bibi alitupa mkungu wa ndizi. Tulitaka kulipa, akakataa: mgeni halipishwi. Juzi ankara ya maji ilifika. Mke wangu aliisoma juu hadi chini, akaiweka mezani mbele yangu.

"Baba," akauliza, "fungu la bibi liko mstari gani?"

Nimeitafuta mistari yote. Haupo.