Vidonge, Viriba na Mbalamwezi

Watu wa TACARE, mradi wa Taasisi ya Jane Goodall, walipofika mwaka 1994, kijiji kizima kilijua wamekuja kwa ajili ya sokwe. Tungewadhania nini kingine? Gombe iko jirani yetu. Goodall alianza utafiti wake wa sokwe humo mwaka 1960, eneo likatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na tangu hapo kila mgeni aliyeshuka kwenye boti na daftari mkononi alikuwa akiulizia wanyama hao. Sisi alitupita na salamu.

Vilima vyetu vilikuwa uchi wakati huo. Ndani ya mpaka wa hifadhi msitu ulisimama. Ukiuvuka tu unakuta muhogo na maharage kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaupanda kwa kufikiri. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unateremka mpaka ziwani, na wavuvi wakawa wanalalamika kuwa samaki wanafukiwa mazalia yao. Watu walikuwa wameongezeka, hilo halikuwa siri. Waliokimbia vita walivuka kutoka Burundi mwaka 1993, na baadaye kutoka Kongo mwaka 1996. Mji wa Kigoma nao ulitaka mkaa. Sensa ya 1988 ilihesabu watu kama 850,000 katika mkoa wetu. Ya 2002 ikakuta karibu 1,680,000. Ardhi ni ileile, kati ya mlima na maji.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe. Wageni, wengi wao Watanzania wenzetu, walikuja na habari za miche, lakini kwanza wakatuuliza tunahitaji nini. Wanaume wakataja barabara na zahanati. Sisi wanawake tulitengewa kikao chetu, jambo ambalo lilikuwa geni, na humo yakatoka maji, shule ya watoto na uzazi. Miti haikutajwa na mama hata mmoja. Nawasifu kwa hilo hadi leo: walisikia, wakaondoka, na waliporudi mpango ulikuwa umebadilika.

Mimi nilichaguliwa kuwa msambazaji wa uzazi wa mpango kwa sababu nilimaliza darasa la saba na, nadhani, kwa sababu sikuwa na mdomo. Tulipelekwa mafunzo. Asubuhi tulijifunza kujaza udongo kwenye viriba na kusia mbegu kitaluni; mchana vidonge, kondomu, na orodha ya maswali ya kumuuliza mama kabla ya kumpa chochote. Unanyonyesha? Una shinikizo la damu? Umewahi kupata manjano? Anayetaka sindano au kitanzi nilimwandikia karatasi ya rufaa aende zahanati, maana mimi sikuruhusiwa kumdunga mtu.

Kazi yenyewe haikufanana na mafunzo. Kina mama hawakuweza kuweka vidonge majumbani mwao, basi nikavitunza mimi, kila pakiti na alama ya mwenyewe, ndani ya debe la unga. Jioni walikuja kuomba moto, kuomba chumvi, kuazima ungo. Jirani mmoja alimwuliza mume wangu kama tumefungua duka la chumvi.

Halafu kulikuwa na suala la mbalamwezi. Kwetu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa hazifui dafu, wavuvi hulala nyumbani. Ilinichukua muda kugundua kwamba wateja wangu wengi walikuwa wakimeza vidonge mbalamwezi tu, mume akiwepo, na kuviacha akirudi ziwani. Hesabu yao ilikuwa na akili, ila vidonge havifanyi kazi hivyo. Mmoja alishika mimba na habari zikaenea kwamba dawa za Wazungu ni uongo. Kitabu cha mafunzo hakikuwa na ukurasa wa mwezi. Nikabuni maneno yangu: kidonge ni kama kuosha uso, unaosha kila siku, mume awepo asiwepo.

Uvumi mwingine ulikuwa mzito zaidi. Walisema: wanataka tusizae ili mashamba yetu yaje kuwa ya sokwe. Mzee mmoja alinisimamisha njiani na kuniuliza hivyo waziwazi, tena kwa adabu. Sikuwa na la kumjibu ila kwamba mpaka wa hifadhi uko palepale. Lakini swali lake lilinifanya nijiwekee sharti: sitamwambia mwanamke yeyote azae wachache kwa ajili ya msitu. Baadhi ya wageni walitamani tuseme hivyo. Mimi nilikuwa nimemsindikiza jirani yangu usiku, kwenye mtumbwi, akivuja damu baada ya uzazi wake wa tisa, na hatukufika mjini naye hai. Utafiti wa kitaifa wa 1996 ulikadiria vifo 529 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Mwanamke aliyebisha hodi kwangu alikuwa akilikimbia kaburi hilo. Kumzungumzia miti saa hiyo kungekuwa utovu wa haya.

Hata hivyo uzazi na msitu viligusana, na vilipogusana ilikuwa kwa njia za kawaida kabisa. Mama aliyepumzika miaka mitatu kati ya mtoto na mtoto alipata mgongo wa kwenda kitaluni. Aliyekuwa na mimba juu ya mtoto mchanga hakuja. Jiko banifu la udongo lilipunguza mizigo ya kuni, na aliyekuwa akitumwa porini kuzitafuta ni binti, siyo kaka yake. Kisha zikaja nafasi za kuwalipia wasichana ada ya sekondari. Binti wa shangazi yangu alipata. Baba yake alikuwa ameshaanza mazungumzo ya mahari, na sheria ya ndoa ya 1971 ilimruhusu kumwoza binti wa miaka 15. Mke wake ndiye aliyekataa, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akikataa kitu.

Wageni hupenda kusikia kwamba msichana huyo alirudi kulinda msitu. Hakurudi. Yuko Mwanza, ni mhasibu, ana watoto wawili, wa kwanza alimzaa akiwa na miaka 27. Mama yake alianza na miaka 16. Kwangu inatosha.

Miti nayo ilikuwa na mambo yake. Tulipanda mingi, mingine ikaliwa na mchwa, lakini kilichorudisha kijani kwenye vilima zaidi ni visiki. Sehemu zilizoachwa bila moto na bila jembe zilichipua zenyewe. Kazi kubwa ikawa kukubaliana nani ataacha kulima wapi, na hilo lilichukua miaka ya mikutano, mpaka vijiji vikachora mipango ya matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao, watu wakitazama picha za satelaiti ambamo kila mtu alitafuta paa lake kwanza. Katika mikutano hiyo wanawake walizungumza. Nadhani walizoea kuzungumza kwenye kile kikao cha kwanza, tulipokuwa peke yetu.

Miaka ya karibuni alinijia kijana mtafiti na fomu. Alitaka nieleze kwa kiwango gani uzazi wa mpango uliokoa sokwe: sana, kiasi, au kidogo. Nikamwambia aanze na wauza mkaa wa mjini, kisha aulize kwa nini ada za shule za msingi ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na hali ikawaje kwa wasichana, kisha arudi kwangu tuzungumze habari za kina mama. Akasema fomu haina nafasi hiyo. Aliweka alama kwenye "sana", akashukuru, akaomba aonyeshwe msitu. Nikamwitia kijana wa doria ya msitu.